Mhusika kipenzi kwenye gemu ni nini, na kwa nini Aerith analiliwa mpaka leo

Mhusika kipenzi ni yule mtu wa kwenye gemu ambaye akiumizwa unaumia wewe. Kwa ufupi ndo hivyo, ila ukiishia hapo hujaeleza kitu, maana hata kwenye sinema kuna watu tunawapenda na hatufiki huko. Hapa naongelea zile gemu za stori ndefu, unatembea na kikundi cha watu, unawapandisha leveli, unawanunulia silaha, unaongea na kila mtu kijijini, gemu ambayo ukiianza sasa ivi unaweza ukaimaliza mwezi ujao. Na nitakaa kwenye moja, Final Fantasy VII ya kampuni ya Square, iliyotoka Japani tarehe 31 Januari 1997 kwa PlayStation ya kwanza, kwa sababu watu wanagombania wahusika wa ile gemu, Aerith akiwa mmoja wao, mpaka leo kama vile imetoka juzi. Nitataja stori mpaka mwisho, kwa hiyo kama unataka kuicheza bila kujua kitu, cheza kwanza halafu urudi.

Huku kwetu gemu za aina hii hazijashika sana na sababu iko wazi. Vibanda vya gemu vya Kaloleni na Ngarenaro hapa Arusha, au ukishuka Moshi kule Pasua na Majengo, vinaendeshwa na mpira. Wawili wanakaa, mechi inaisha, aliyefungwa anaachia pedi, mwingine analipa. Gemu ya stori utaichezea wapi pale, nani atakuachia tivii masaa yote hayo, na kama memori kadi ni ya kibanda kesho unakuta mtu kasevu juu ya kazi yako na umerudi mwanzo. Kwa hiyo wanaozijua ni wale waliokuwa na mashine nyumbani, au waliozipata baadaye kwenye simu, maana hii ya saba ilifika Android mwaka 2016. Ndo maana chalii akisema Aerith alimtoa machozi wenzake wanamshangaa, unalilia katuni kweli? Hilo swali linastahili jibu la maana na sio kuchekwa.

Aerith ni binti muuza maua kwenye mji unaitwa Midgar, mji wa vyuma na moshi ambapo hakuna kinachoota, ila kwenye kanisa lake la zamani lililobomoka maua yanaota. Unakutana naye dakika za mwanzo kabisa, wewe ukiwa Cloud, jamaa mwenye upanga mkubwa kuliko mwili wake, na unaweza kununua ua kwake kwa hela moja ya mle ndani. Baadaye unakuwa mlinzi wake, anajiunga na kikundi, mnasafiri naye karibu dunia nzima. Kwenye mapigano yeye ndo wa kuponya wenzake. Anaongea sana, anatania, anamsumbua Cloud mpaka yule jamaa mkavu anaanza kuwa mtu.

Halafu mwisho wa diski ya kwanza, kati ya diski tatu, anauliwa.

Sasa elewa mazingira ya wakati ule. Sisi tumekua na sinema za vibanda umiza ambazo steringi hafi, na mtu wa karibu na steringi akifa basi unakuwa umeshaonywa, muziki umebadilika, mvua inanyesha, anasema maneno ya mwisho. Hapa hakuna. Aerith amepiga magoti anaomba, Cloud anamsogelea, na kwanza kabisa ni Cloud mwenyewe anataka kumkata kwa sababu akili yake inachezewa, na wewe uliyeshika pedi kila kitufe unachobonyeza kinampeleka kule kule kwenye kuinua upanga, hakuna kitufe cha kukataa. Wenzake wanampigia kelele anashtuka, unashusha pumzi, na hapo ndo Sephiroth, adui mkuu wa gemu, anashuka kutoka juu na upanga wake mrefu. Kile kito cheupe kilichokuwa kwenye nywele zake kinadunda ngazi kwa ngazi mpaka kwenye maji. Alafu inakuja vita na bosi na muziki haubadiliki, wimbo wa Aerith uliotungwa na Nobuo Uematsu unaendelea vile vile, taratibu, huku wewe unachagua mashambulizi. Mimi nadhani huo uamuzi wa muziki ndo uliowamaliza watu kuliko hata upanga wenyewe, kwa sababu unalazimishwa kufanya kazi ukiwa msibani.

Ila bado hatujafika kwenye kiini. Mtu wa gemu anauma kuliko wa sinema kwa sababu umemfanyia kazi. Kila mhusika mle ana mashambulizi yake makubwa yanayofunguka kwa kupigana sana, na la mwisho kabisa la Aerith, Great Gospel, linapatikana kwa kuhangaika, inabidi uzunguke ramani, umkute mtu fulani amelala pangoni, akupe kitu, ukakibadilishe kwingine. Na unaweza kulipata kabla hajafa! Kwa hiyo kuna watu waliokesha wakimpandisha, wamemfungulia kila kitu, na gemu haikuwanong'oneza chochote. Materia zake unarudishiwa, yaani vile vito vya uchawi, lakini leveli, mashambulizi, zile saa zote, vimezama naye majini. Linganisha na Final Fantasy V ya mwaka 1992, mule mzee Galuf anakufa na inauma kweli, ila mjukuu wake Krile anarithi leveli na uwezo wote wa babu. Machozi yapo ila kazi yako ipo. Kwa Aerith hakuna mjukuu. Mtu aliyefuga ndama kule Kibosho, akamkatia majani na migomba kila jioni, huyo ndama akifa uchungu wake hauko sawa na wa jirani aliyekuwa anapita tu njiani, na huu ndo umbali uliopo kati ya aliyeshika pedi na aliyekuwa amekaa pembeni anaangalia.

Ndo unaelewa kwa nini watu walikataa kabisa. Zilizuka tetesi za kila aina, fanya hivi kabla ya diski ya pili, beba kitu hiki, rudi kanisani mara kadhaa, atafufuka. Na kilichochochea moto ni kwamba ukirudi kule kanisani baadaye sana kivuli chake kinaonekana kidogo kisha kinapotea, ipo kweli mle ndani, kwa hiyo mtu akiiona anasema si nilisema! Wengine walifika mahali pa kuandikia kampuni maombi arudishwe. Hakurudi. Walioitengeneza, Yoshinori Kitase aliyeongoza na Tetsuya Nomura aliyechora wahusika, walishaeleza kwamba walitaka kifo kiwe cha ghafla, kisicho cha ushujaa wa kujitolea, ubaki unajiuliza ningejua ningefanyaje. Hiyo ndo hali halisi ya msiba jamani. Mtu kaaga asubuhi anaenda sokoni, mchana unapigiwa simu.

Upande mwingine wa kitu hiki ni timu. Timu Tifa na Timu Aerith zilikuwepo miaka mingi kabla sisi hatujaanza kugawana timu za wasanii. Tifa ni rafiki wa utotoni wa Cloud, anapigana kwa ngumi, anaonekana mgumu kumbe ndo mwenye kubeba siri nzito kuliko wote, maana anajua kwamba vile Cloud anavyosimulia maisha yake sivyo yalivyokuwa na anaogopa kumwambia asije akavunjika. Kinachofanya hizi timu zisiishe ni ujanja wa gemu yenyewe, inakuhesabia pointi za siri. Ukijibu vizuri kwa huyu unapanda kwake, ukimpa Tifa lile ua ulilonunua kwa Aerith unapanda kwa Tifa, alafu mkifika Gold Saucer, sehemu ya starehe ya mle, usiku mmoja mtu anakugongea mlango mtoke wawili. Anaweza kuwa Aerith, Tifa, au wengine wa kikundi chenu, Yuffie au hata Barret. Aerith anaanza na pointi nyingi kuliko wenzake kwa hiyo wengi walimpata yeye, lakini hawakujua, walijua wamechagua kwa moyo wao. Sasa watu wawili wamecheza gemu moja, kila mmoja ana usiku wake, ukiwaambia wakubaliane nani alikuwa wa Cloud watakesha. Wote wanasema ukweli wa walichokiona.

Chuki nayo inafuata njia hiyo hiyo. Cait Sith ni paka wa mashine aliyekaa juu ya mdoli mkubwa, anajiunga bila kuombwa, kisha inagundulika ni mpelelezi anayeendeshwa kwa mbali na mtu wa Shinra, ile kampuni adui. Anaiba ufunguo mliouhangaikia na kumshika mateka Marlene, mtoto mdogo. Baadaye anajitoa mhanga hekaluni, unaanza kumsamehe, na muda si mrefu anatokea mwingine mpya kabisa wa kufanana naye. Muda mfupi baada ya hapo anakufa Aerith, na yeye hana wa akiba. Watu wengi hawakumsamehe paka kwa hilo na siwalaumu, ingawa ukicheza mpaka mwisho utaona yule anayemwendesha, Reeve, ni mmoja wa watu wachache wa Shinra wenye utu.

Sephiroth ndo anachanganya wageni, mbona muuaji anapendwa hivi? Kuna sehemu Cloud anasimulia zamani na wewe unaicheza hiyo simulizi, Sephiroth yuko upande wenu, humwendeshi ila anapigana mwenyewe, leveli yake iko mbinguni, anaangusha joka wakati wewe ukiguswa tu umelala. Unajihisi uko salama ukiwa nyuma yake. Alafu anaingia kwenye maktaba ya chini ya nyumba moja, anasoma siku kadhaa kuhusu alivyozaliwa, anatoka akiwa mtu mwingine na anachoma kijiji kizima cha Nibelheim. Wewe ulimtegemea kabla ya kumchukia, na huwezi kulifuta hilo. Ongeza One-Winged Angel, ule wimbo wa vita ya mwisho wenye kwaya ya Kilatini, unaopigwa na okestra kubwa mpaka leo.

Ila kwa sisi wa huku mimi naona mhusika ambaye hajapewa haki yake ni Barret, jamaa mweusi mwenye bunduki badala ya mkono. Kule nje alilalamikiwa sana kwa namna alivyoandikwa kwenye tafsiri ya Kiingereza, anatukana na kufoka muda wote, na malalamiko yalikuwa na msingi. Lakini angalia stori yake. Ametoka Corel, mji wa wachimba makaa ya mawe, kampuni ya Shinra ikaja na mtambo wa mako, yaani nishati inayonyonywa ardhini, yeye ndo aliwashawishi wenzake wakubali kwa kuamini maisha yatakuwa bora, mwisho wa siku mji ukachomwa, mke wake akafa, mkono ukaenda, akabaki analea Marlene, mtoto wa rafiki yake Dyne. Mtu aliyekaa Mererani, aliyewaona wanaapolo wanaingia shimoni na ndoto ya tanzanite na wengine wanarudi Arusha mikono mitupu, anamwelewa Barret bila kuelezewa na mtu. Ile sehemu anakutana na Dyne kule gerezani, Dyne anamwambia mikono yake imeshachafuka haiwezi kumshika mtoto, halafu anajiachia korongoni, kwangu inasimama bega kwa bega na kifo cha Aerith, na inasikitisha kwamba inatajwa kidogo sana.

Mwaka 2020 ikatoka Final Fantasy VII Remake na Februari 2024 ikafuata Rebirth, na waliotengeneza walijua kabisa watu wamebeba nini moyoni miaka yote. Kwenye Remake waliweka mizimu inayolinda hatima, kila stori ikitaka kuchepuka inairudisha, halafu mkapigana nayo mkaishinda, na papo hapo mashabiki wakaanza kusema safari hii Aerith anaokolewa. Rebirth ikafika kwenye ile madhabahu alipouliwa Aerith. Unaona Cloud anauzuia upanga, alafu unaona damu, na mwishoni Cloud anaongea na Aerith huku wenzake wanaomboleza kama vile hayupo. Wapo waliokasirika wakisema wamenyimwa msiba wao, kifo kimefanywa fumbo wakati nguvu yake ilikuwa ni kutokuwa na fumbo lolote. Wapo waliofurahi kupata hata hicho kidogo. Nilivyoona mimi, waliokasirika zaidi ni wale waliomlea kwenye ile mashine ya kwanza na memori kadi zao, waliokubali kwa shida kwamba ameenda, na sasa wanaambiwa wasubiri sehemu ya tatu ndo wajue kama walilia bure.