Jogoo wa Cucu na trauti wa Nyandarua: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila nikirudi mjini kutoka kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi, na buti zenye matope, maswali ni yale yale. Mmevua nzi wangapi? Na mtoto mlimpeleka wa nini kwenye baridi ile? Nimekulia kando ya kijito kinachoshuka kutoka milima ya Nyandarua kuelekea Nyeri, na kwa miaka mingi nilijibu kwa mkato tu. Sasa binti yangu ana miaka 9, na shuleni wameanza kumuuliza hayo hayo. Nimeona niyajibu sawasawa.

"Ni kuvua nzi"

Jina la Kiingereza la uvuvi huu, fly fishing, lina neno nzi, na hapo ndipo wengi hupotea. Hakuna nzi anayekamatwa wala anayetundikwa kwenye ndoana. Chambo chenyewe ni ndoana ndogo, nyingine haizidi punje ya mchele, iliyozungushiwa uzi, sufi na manyoya ili ifanane na mdudu wa majini. Ni chepesi mno, huwezi kukirusha peke yake. Mvuvi wa mshipi kule pwani hufunga chubwi, na uzito wa chubwi ndio unaopeleka mshipi. Huku mlimani mshipi wenyewe ndio mnene na mzito, nao ndio unaorushwa. Chambo hufuata nyuma yake, kikitua mwisho kabisa kwenye ncha ya uzi mwembamba ambao samaki hauoni kwa urahisi.

Manyoya yetu yalitoka kwa jogoo wa Cucu, nyanya yangu. Ya mkiani hayafai. Baba alikuwa akimshika jogoo yule kwapani, akimtuliza, akachomoa manyoya mawili ya shingoni, yale marefu membamba yanayong'aa kama shaba. Unyoya huo ukiuzungusha kwenye ndoana, vijinywele vyake hujitandaza pande zote na kusimama imara, na chambo hukaa juu ya maji kwa ncha hizo kama mdudu anayesimama kwa miguu yake. Cucu alilalamika kila mara kwamba jogoo wake anaharibiwa. Kila mara pia alikuja kuchungulia kazi ilivyotokea.

"Trauti ni samaki wa asili wa milima yetu" na "uvuvi huu waliubuni Waingereza"

Nimewahi kuwasikia watu wawili wakibishana, kila mmoja akishikilia moja ya kauli hizi, na wote wawili walikuwa wamekosea.

Trauti si wa huku. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua, yule mwenye mstari wa waridi ubavuni, alifuata baadaye. Asili yake ni mito inayomwaga maji katika Bahari ya Pasifiki. Katika Afrika nzima, trauti wa asili wapo kule kaskazini tu, kwenye milima ya Atlas.

Jambo hili nalitia uzito kwa sababu moja. Mgeni huyu anawinda. Katika mito ya milimani ya Afrika Kusini amechangia kupungua kwa samaki wadogo waliokuwa wenyeji wa maji hayo. Kwa hiyo anayekuambia ubebe trauti kwenye ndoo ukawaachie kijito kingine "ili wazaane," mkatalie. Nampenda samaki huyu tangu utotoni, lakini hapaswi kusambazwa ovyo.

Mbinu yenyewe nayo ni ya kale kuliko Waingereza wanaosifiwa nayo. Takriban miaka 1,800 iliyopita, mwandishi wa Kirumi, Aelian, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufi nyekundu na kuifunga manyoya mawili yanayoota chini ya ndevu za jogoo, wakavulia samaki wa mtoni. Siku nilipojua habari hiyo nilimkumbuka jogoo wa Cucu. Na katika milima ya Japani watu wa vijijini walivua kwa manyoya kwa karne kadhaa, kwa fimbo ndefu na uzi uliofungwa nchani, bila gurudumu la kukunjia mshipi. Walivua ili wale na wauze.

"Usimlete mtoto, ataongea na samaki watakimbia"

Hii ndiyo iliyowanyima watoto wengi raha ya mto, nami naipinga kwa nguvu zangu zote.

Sauti ya mtu anayeongea ukingoni hugonga uso wa maji na sehemu yake kubwa mno hurudi hewani. Samaki hapati karibu chochote. Kinachomfikia ni kishindo. Mguu ukikanyaga udongo kwa nguvu, mtikisiko hupita ardhini hadi majini, na samaki ana mstari wa hisia ubavuni, kutoka kichwani hadi mkiani, unaopokea mtetemo huo. Kitu cha pili ni kivuli. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akisubiri chakula kiletwe na mkondo, na ulimwengu wa juu huuona kupitia duara la mwanga lililo juu yake. Aliye mrefu na karibu anaingia kwenye duara hilo. Aliyeinama, akija kutoka nyuma, yaani kutoka upande wa chini wa mto, haonekani.

Sasa niambie, nani anafaa zaidi hapo: mimi wa kilo 90 au mtoto wa miaka 9 anayetembea amechuchumaa na kuhesabu ndege kwa sauti?

Kazi ya kwanza ninayompa mtoto si kuvua. Anainua jiwe la ukubwa wa sahani kutoka majini na kuligeuza. Mara ya mwisho binti yangu alikuta vitu vitatu. Wa kwanza alikuwa mdudu bapa mwenye mikia mitatu, matamvua yake yakipepea ubavuni kama pazia. Wa pili alikuwa buu aliyejijengea kijumba kwa chembe za mchanga, zimepangwa moja moja, na kichwa chake cheusi kikitokeza mlangoni. Alikimwagia maji, akakitazama kijumba kile kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Baba, gundi anaitoa wapi?" Anaitoa mdomoni, ni uzi kama wa nondo wa hariri. Kitu cha tatu kilikuwa kaa mdogo aliyembana kidole. Akalirudisha jiwe lilivyokuwa, hiyo ndiyo sheria, akafungua kopo la vyambo na kuchagua kilichofanana na yule wa mikia mitatu. Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, kwenye mawe hayo hayo, si juu kama picha zinavyotufanya tuamini.

"Lazima urushe mbali, kwa fimbo ya bei ghali"

Kijito chetu unakivuka kwa hatua nne. Mita 5 au 6 za mshipi zinatosha, na mara nyingi matawi hayakuachii nafasi hata ya hizo. Fimbo fupi ya mitumba inavua vizuri.

"Kijito kidogo hakina hatari"

Mvua ikinyesha juu mlimani, maji hukujia wewe uliye kwenye jua. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na kuanza kubeba majani, toka, na usisubiri kuhakikisha. Msituni kuna nyati na tembo. Ukitaka kuvua ndani ya hifadhi, pata kibali na uandamane na askari wa wanyamapori. Mimi na mtoto hatujawahi kuvunja hilo.

"Ukimrudisha samaki majini, basi amepona"

Anaweza kuogelea akaenda kufa chini ya jiwe. Ngozi yake ina ute unaomkinga na maradhi, na mkono mkavu huukwangua. Lowesha mikono kwanza. Bana kijimwiba cha ndoana kwa koleo kabla hujaanza kuvua, ili itoke bila kuchana mdomo. Mwache majini unapomfungua, kichwa kikielekea mkondo, mpaka ajisukume mwenyewe. Maji yakipata joto la nyuzi 20 hivi, samaki huyu wa baridi tayari anahema kwa shida. Siku hiyo tunaacha kuvua na kuchoma mahindi.

"Hiyo si desturi yenu"

Hili huniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, na Guka, babu yangu, hakumla hata mmoja hadi anafariki. Lakini kabla ya Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau alibeba kikapu cha mlowezi mmoja kwenye kijito hicho kwa miaka kadhaa. Alijua kila kidimbwi, kila jiwe analolala samaki, na ndiye aliyekuwa akinyoosha kidole: pale. Fimbo hakupewa hata mara moja. Mwanzoni mwa 1953 msitu ukatangazwa eneo marufuku, na kikapu kikaishia hapo. Miaka mingi baadaye alimpeleka Baba mtoni na fimbo ya mwanzi, akakaa juu ya jiwe na kumwelekeza.

Kutokana na hilo, nyumbani kwetu mdogo kuliko wote ndiye anayerusha kwanza. Haijalishi kidimbwi ni kizuri kiasi gani wala nani ametoka Nairobi usiku kucha.

Agosti iliyopita tulifika chini ya maporomoko madogo, mahali ambapo jiwe la Guka bado lipo. Binti yangu alirusha, chambo kikanasa kwenye mti. Akarusha tena, kikanasa tena. Mara ya tatu kilitua pembeni mwa povu, na Baba, ambaye magoti hayamruhusu tena kuingia majini, alikuwa amekaa juu ya lile jiwe, mkono ameunyoosha, akisema: "Pale. Pale, mama, kushoto kidogo."