Taa ya betri haisemi betri imekufa

Taa nyekundu ya betri ikiwaka safarini, wengi hukimbilia kununua betri mpya. Mara nyingi ni pesa ya bure. Kwenye gari la zamani taa ile huangalia chaji: imeunganishwa kati ya switchi ya kuwashia gari na alteneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri), na huwaka alteneta isipozalisha umeme. Weka mita ya volti kwenye vichwa vya betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6; injini ikinguruma, tegemea 13.8 hadi 14.4. Haipandi? Tazama mkanda uliolegea, kaboni za alteneta zilizolika, waya wenye kutu.

Na taa isipowaka kabisa ukifungua switchi, usishangilie. Balbu hiyo ikiungua, alteneta nyingi za zamani hazianzi kuchaji.