Kufukiza udi hakuondoi harufu ya nyumba inayouzwa

Wapo wenye nyumba wengi wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, wanaoamini kwamba kufukiza udi au ubani saa moja kabla ya mnunuzi kufika kunatosha kuiondoa harufu iliyokaa ndani kwa miaka. Imani hiyo si sahihi, na inawagharimu. Moshi wa udi huongeza tu harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na mnunuzi mzoefu akiingia hujiuliza mara moja ni nini kinachofichwa.

Harufu ina makao yake. Ile ya uvundo mara nyingi hutokana na kuvu waliostawi penye unyevu: vuta kabati lililoegemea ukuta wa bafu, nawe utaona madoa meusi na rangi iliyovimba, inayopukutika ukiigusa kwa kidole. Hapo dawa ni kuziba bomba au paa linalovuja, kukwangua lipu iliyolegea, kuuacha ukuta ukauke kabisa, kisha ndipo kupaka rangi. Anayetanguliza rangi hupoteza fedha zake, kwa kuwa unyevu utajitokeza tena. Moshi wa sigara na mvuke wa mafuta ya kukaangia nao hung'ang'ania dari, mapazia na makochi, ambavyo vyote huhitaji kuoshwa.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba mwenye nyumba mwenyewe hasikii chochote, kwani pua huzoea harufu ya kila siku. Ndiyo maana ninashauri aitwe jirani mkweli, aingie asubuhi kabla madirisha hayajafunguliwa, aseme anachokisikia.