Karani hakumpa mtu uhuru

Wengi wakiona madaftari ya kaunti za Virginia, Marekani, ya enzi ya utumwa, yenye majina ya Weusi huru, hudhani karani wa mahakama aliyeyaandika ndiye aliyewapa uhuru. Sivyo. Walifika mbele yake wakiwa huru tayari: wengine kwa kuzaliwa na mama huru, kwani sheria ya 1662 ilimfanya mtoto afuate hali ya mamaye, wengine kwa hati au wosia wa bwana aliyewamiliki, njia iliyofunguliwa mwaka 1782.

Uandikishaji ulianza mijini 1793, kisha kaunti zote 1803. Ulikuwa wa kuwachunga. Karani aliandika jina, umri, rangi ya ngozi, kimo, na makovu: la juu ya jicho, la kiganjani, la moto shingoni. Mama mtu mzima akapimwa na kukaguliwa mwili hivyo! Tena baada ya miaka mitatu arudi. Aliyekutwa bila karatasi ya uandikishaji huo aliweza kutiwa jela kama mtumwa mtoro.

Basi usiseme babu fulani hakuwa huru kwa kuwa hayumo daftarini. Aliyeachwa huru baada ya Mei 1806 alitakiwa ahame jimbo ndani ya miezi 12; kama alibaki, kujiandikisha kungemfichua.