Si kila babu aliyechukuliwa vitani alipewa bunduki

Kazi yangu hapa Nairobi ni kuzisomea familia karatasi za kijeshi za wazee wao: vyeti vya kuachishwa kazi, medali, barua zilizokunjwa hadi zikachanika. Na karibu kila familia huingia na maneno yaleyale: "Babu alikamatwa 1917, akapelekwa Tanganyika, alikuwa keya." Mawili ya kwanza sina shida nayo. La tatu ndilo linalonimaliza, maana keya ni askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza.

Dhana: aliyelazimishwa kwenda vitani alikuwa askari wa bunduki.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza Agosti 1914, KAR nzima ilikuwa na askari wapatao 2,400. Vilipokwisha Novemba 1918, walikuwa zaidi ya 35,000. Ni ongezeko kubwa, na wapo walioingia bila kupenda. Lakini nguvu ya serikali, ile ya chifu kuambiwa alete idadi fulani ya wanaume, ililenga zaidi wapagazi. Sheria ya 1915 iliruhusu watu wachukuliwe kwa lazima, na mwaka 1917 John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, alipokabidhiwa kazi hiyo ikawa msako. Kutoka Kenya pekee walichukuliwa zaidi ya laki moja. Chifu akiamriwa kutoa vijana, hakuanza na wanawe. Alianza na yule asiye na mtetezi.

Mbona watu wengi hivyo? Kwa sababu mbung'o aliua farasi, ng'ombe na nyumbu, na malori yalizama kwenye matope. Risasi, unga, dawa, hata sehemu za mizinga, vilisafiri kichwani na mabegani. Mvua za mapema 1917 zilipofurika Rufiji, askari walishindia posho nusu au pungufu, kwa kuwa waliokuwa wakiwabebea chakula walikuwa wanakufa njiani. Sasa niambie huyo mpagazi hakuwa vitani.

Na walikufa kweli. Hesabu rasmi ya waliokufa katika kikosi cha wapagazi kilichoendeshwa kutoka Nairobi inapita 40,000, na wanahistoria wengi wanaiona ni ndogo kuliko ukweli. Askari wa KAR waliokufa, kwa risasi na kwa maradhi, ni elfu kadhaa. Muuaji mkuu wa wapagazi alikuwa kuhara damu na magonjwa mengine ya tumbo. Watu waliozoea ndizi au viazi walipewa unga wa mahindi, sufuria hazitoshi, kuni zimelowa, na saa ya kuivisha haipo. Ukila uji mbichi hivyo wiki baada ya wiki huku umebeba mzigo wa kilo ishirini na kitu, matumbo hayakusamehi.

Hapo mteja hutoa karata yake ya mwisho: "Lakini alikuwa na namba ya jeshi!" Ndiyo. Oscar Watkins, mkuu wa kikosi hicho, alisimamia uandikishaji wa wapagazi kwa namba, la sivyo hakuna ambaye angelipwa. Namba haithibitishi bunduki. Yupo aliyeniomba nisiandike "mpagazi" kwenye maelezo ya ukumbusho wa mzee wao, niweke "askari". Nilikataa. Waingereza wenyewe, pamoja na ukaidi wao wote, walimtengenezea mpagazi sanamu ya shaba mwaka 1928 na kumsimamisha pamoja na askari wa KAR pale inapoitwa leo Kenyatta Avenue. Nenda ukamtazame kabla hujaniletea aibu ya kujitungia.

Ushauri wangu ni uleule, nitaurudia mpaka nizikwe: acha kuwauliza wazee wa ukoo "alipigana wapi?" Swali hilo huzaa hadithi za ushujaa. Uliza alibeba nini, alikula nini, na chifu gani alimtoa. Familia ya mtu wa bunduki hukumbuka kwata na jina la sajini. Familia ya mpagazi hukumbuka njaa.

Mengine nitayapitia haraka.

"Babu alizaliwa 1922, alipigana na Mjerumani Tanganyika." Hapana. Piga hesabu kabla ya kupanda matatu kuja kwangu. Huyo ni wa vita vya pili: Somalia na Ethiopia dhidi ya Mwitaliano 1941, Madagaska 1942, au Burma. Wakenya wapatao 98,000 walihudumu katika vita hivyo, na si wote walikuwa askari wa miguu. Kulikuwa na madereva, wauguzi, wapiga mizinga, na mapioneer, yaani vikosi vya kazi za mikono, ambako wengi wa waliolazimishwa waliishia.

"Alipigana na Hitler huko Burma." Alipigana na Mjapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, ikafika Kalewa mwezi wa Desemba.

"Medali haina jina, kwa hiyo ni bandia." Zile za vita vya kwanza kwa kawaida ziliandikwa jina, ukingoni au nyuma. Nyota za vita vya pili ambazo Uingereza iliwapa watu wetu, kwa kawaida hazikuandikwa jina.

"Kaburi lake liko Ngong Road." Huenda, kama alikuwa askari wa vita vya pili aliyefia huku. Aliyepotelea Burma mtafute kwenye ukumbusho ulioko Taukkyan, karibu na Rangoon. Mpagazi wa 1917 kwa kawaida hana kaburi lenye jina, na tume inayotunza makaburi hayo ilikiri hivyo katika ripoti yake ya 2021.

"Kuna pesa zake London." Hili huniudhi kwa sababu kuna watu mjini wanaolila. Ni kweli kwamba kiinua mgongo cha 1945 kilipangwa kwa cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi, na Mwafrika akawa wa mwisho. Dhuluma hiyo haikugeuka akaunti inayomsubiri mjukuu. Msaada unaotolewa kupitia vyama vya wanajeshi wastaafu wa Jumuiya ya Madola ni wa askari aliye hai au mjane wake, na hauombewi kwa ada. Anayekudai elfu tano "za kufungua faili", mwache na faili lake.