Sindano ya mbegu: mbegu za mume zikiwa nzima, mnailipia nini?

Sindano ya mbegu ni nini hasa?

Wengi hudhani mke anachomwa begani au tumboni na mimba inaingia. Sivyo. Mke hutumia dawa za kukuza mayai kwa siku 10 hivi, kisha mayai huvunwa kwa sindano ndefu kupitia ukeni. Huko maabara, chini ya darubini, mtaalamu hunyonya mbegu moja kwa kisindano cha kioo na kuisukuma ndani ya yai moja. Saa 16 hadi 18 baadaye hutazama kama yai limerutubika, ili lipandikizwe katika mji wa mimba wa mke. Karatasi za kliniki huiita ICSI. Mimba zake za kwanza ziliripotiwa Brussels mwaka 1992, kwa ajili ya wanaume wenye shida kubwa ya mbegu.

Na upandikizaji wa kawaida?

Yote ni yale yale, ila yai huwekwa kisahanini na mbegu zinazotembea 50,000 hadi 100,000. Moja huingia yenyewe.

Mbegu za mume wangu ni nzima. Sindano haituongezei nafasi?

Haiongezi. Vietnam, utafiti uliochapishwa 2021 uligawa kwa kura wenzi 1,064 ambao mume alikuwa na mbegu nyingi zinazotembea vizuri. Waliozaa mtoto hai walikuwa 35 kwa 100 upande wa sindano, na 31 kwa 100 upande wa kawaida. Tofauti ndogo hivyo yaweza kutokea kwa bahati tu.

Hata kama mirija imeziba?

Haiongezi. Upandikizaji wenyewe ndio unaoiruka mirija.

Hata kama nina miaka 39 na mayai machache?

Haiongezi, mama. Sindano humsaidia mume ambaye mbegu zake zimeshindwa kuingia; yai lililozeeka halirudi ujanani kwa kuchomwa. Tena yai ambalo halijakomaa haliwezi kuchomwa, na lililokomaa huweza kupasuka mkononi mwa mtaalamu: kati ya mayai 20, moja au mawili. Mwenye mayai matatu tu atamudu kupoteza hata moja?

Tunasubiri mauzo ya tumbaku, tutimize fedha za sindano.

Hili ndilo linalowaumiza wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora. Msimu mmoja bei inaanguka, msimu wa pili kuna ada za shule, na mke aliyeanza kusubiri akiwa na miaka 33 anapanda treni ya Dar es Salaam akiwa na 38. Mayai hayasubiri soko. Mke akiwa chini ya miaka 35, mmejaribu mwaka mzima bila mimba, nendeni hospitali. Akiwa na 35 au zaidi, nendeni baada ya miezi sita. Kama hedhi hupotea au amewahi kuugua maambukizi ya nyonga, asingoje hata hiyo miezi.

Tutajuaje kama mbegu ni nzima?

Mume apimwe! Mke anazungushwa kwa waganga miaka mitatu na mume hajatoa hata tone moja maabara. Kuwa na mtoto wa zamani si kipimo, wala nguvu kitandani si kipimo. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kisha atoe mbegu zote kwenye kichupa safi cha maabara, bila mate, sabuni, mafuta wala kondomu. Akitolea nyumbani, akiweke kichupa kwapani au mfukoni, kifike ndani ya saa moja. Mbegu kuanzia milioni 16 kwa mililita, na 42 kati ya 100 zikitembea, ni kiwango kizuri. Majibu yakiwa mabaya, arudie baada ya miezi mitatu hivi, kwa maana malaria kali au homa huzishusha kwa muda.

Basi sindano inamfaa nani?

Mwenye mbegu chache mno au zisizotembea, mwenye mbegu zilizotolewa kwa upasuaji kwenye korodani, na wenzi ambao upandikizaji wa kawaida uliwaishia bila yai kurutubika. Usipokuwa miongoni mwao na kliniki ikaiandika, muulize daktari, “Kipimo gani cha mume wangu kimeonyesha tunaihitaji?” Akikosa jibu, omba upandikizaji wa kawaida na bei yake iandikwe peke yake.