Vyumba sita havihitaji React

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii barazani Shela, Lamu, mwenye nyumba ya wageni akinimiminia kahawa: "Bwana, nataka tovuti ya React, kama Facebook. Nasikia ndiyo iendayo mbio."

React ni msimbo ulioandikwa tayari ambao fundi hujengea tovuti juu yake; vya namna hii sisi mafundi huviita fremuweki. Facebook waliitoa mwaka 2013, hilo kweli. Lakini kazi yake ni kurasa zinazobadilika kila dakika: maoni yanaingia, ujumbe unafika, hesabu inapanda. Yeye ana vyumba sita, picha, namba ya WhatsApp, na bei anazozigusa mara mbili kwa mwaka.

Hilo la mbio ndilo linalonichosha. Fremuweki ni mzigo. Simu huipakua JavaScript (lugha iliyoandikiwa fremuweki hizi), ikaisoma, ikaiendesha, ndipo ichore ukurasa. React na ReactDOM (sehemu yake inayochora kwenye skrini) tu ni makumi ya kilobaiti zikiwa zimebanwa, na fundi hajaandika mstari wake hata mmoja. Tovuti aliyokuwa nayo ilijengwa hivyo hivyo, naye hajui. Nikaifungua kwa simu yangu ya bei rahisi (kila fundi awe nayo moja mfukoni, nasema hivi kila siku): skrini nyeupe, kisha kiduara kinazunguka. Kwenye kompyuta nikamwonyesha msimbo unaotumwa na seva. Ndani ya body, sehemu inayobeba yote yanayoonekana, mlikuwa na div (kisanduku) moja tupu, jina lake root, na JavaScript chini yake.

"Yaani chumba hakina hata kitanda," akasema.

Ndivyo. Mgeni aliye gatini Mokowe akisubiri kuvuka kuja Lamu, mtandao wa kuokoteza, hangojei kitanda kiletwe. Next.js, fremuweki iliyojengwa juu ya React, huweza kuchora ukurasa kwenye seva kwanza, ila umejiongezea kitu kingine cha kutunza. Nikamwandikia HTML na CSS tupu, yaani maandishi ya ukurasa na mapambo yake, na picha nikazigeuza WebP, aina ya faili nyepesi. Moja ya machweo ilikuwa megabaiti 4. Hiyo React haikuponyi nayo.

Wanaodhani React itapendezesha tovuti wanaichanganya na Bootstrap, ambayo huja na mitindo ya vitufe na rangi tayari. React haiji na rangi hata moja.

Wengine hushika jina: chukua ya kampuni kubwa, haifi. AngularJS, fremuweki nyingine, ilikuwa ya Google, na usaidizi wake ukakoma mwisho wa 2021. Angular iliyoifuata iliandikwa upya, kwa hiyo kuhamia kwake ni karibu kujenga tena. Mimi huuliza nani wa huku pwani ataifungua kazi hii siku mimi sipo.

Na si kweli kwamba ukianza bila fremuweki utakuja kubomoa yote. Mteja wangu wa Malindi alipotaka kalenda, mgeni achague tarehe, aone vyumba vilivyobaki na bei ijibadilishe, hapo fremuweki ilikuwa na kazi. Nikaweka Vue, fremuweki nyingine, kwenye ukurasa huo mmoja. Kurasa nyingine sikuzigusa.